Bado, kwa Kihispania

9 Februari

Mama Kidoti,

Nimefika, nina afya, nakula, na viatu vya kazi nilivyopewa havinibani. Hayo ndiyo ungeniuliza kwenye simu, kisha tungenyamaza, kisha ungesema haya, nami ningesema haya. Uliposema tuandikiane nilidhani unatania. Sasa nimekaa mezani na kalamu yangu, naona ulikuwa na akili.

Chumba changu kina kitanda, meza, kiti kimoja na dirisha linaloangalia ukuta. Kazini tunatembea wawili wawili. Mwenzangu namwita Mwenzangu, kwa sababu jina lake linanishinda na langu linamshinda, naye kaitikia. Lifti za huku ni zilezile nilizozizoea: kamba za chuma, mota, milango inayogoma kwa sababu mtu kaangusha pini ya nywele kwenye reli. Lugha tu ndiyo nyingine. Ni Kihispania mtindo mmoja, hata matusi.

Jumanne na Alhamisi jioni kampuni inatupeleka darasani. Mwalimu ni mama mmoja mnene, mpole, anayemsahihisha mtu huku kamshika bega. Wiki hii tulikuwa na neno todavía. Ni bado yetu. Mvua bado inanyesha, wanasema todavía. Gari bado halijafika, wanaongezea no, inakuwa todavía no. Ukiulizwa umemaliza, unajibu todavía no na mambo yanaisha, kama sisi tunavyojibu bado. Wenzangu walitoka jasho, maana kwenye lugha zao hayo ni maneno mawili mbalimbali na hawakuamini kwamba moja linaweza kufanya kazi zote mbili. Mimi nilikunja mikono nikatulia. Mwalimu akanisifu mbele ya darasa zima. Nimekuandikia ujue mumeo kasifiwa.

Mumeo,
Baba Kidoti


26 Februari

Baba Kidoti,

Hongera kwa kusifiwa. Nimewatangazia watu wote wa mtaani, na muuza vitambaa kaniuliza kama utarudi na cheti cha kusema bado.

Wewe tu ndiye uliyebaki kuniita Mama Kidoti. Hapa wamebadilika wote. Jirani ananiita dada, wateja wananiita fundi, na yule wa duka la kona, aliyekuwa akiniita kwa jina hilo toka ng'ambo ya barabara, siku hizi anakohoa kwanza ndipo anisalimie. Hawana ubaya. Wanadhani jina la mtoto litaniuma. Haliniumi. Hakuna kinachoniuma, nashona tu. Sare za shule zimekuwa nyingi msimu huu, nazikata, naziunga, nazikunja pindo, na jioni sikumbuki hata moja.

Sasa sikiliza. Mama kaanguka bafuni kwake, nyonga imevunjika. Wamempasua, wamemtia vyuma, anaendelea vizuri na anagombana na manesi. Daktari kasema watamtoa mwisho wa Machi, ila hawezi kuishi peke yake na hawezi kupanda ngazi. Chumba chetu kiko juu. Sebuleni kuna cherehani mbili, meza ya kukatia, na wateja wanaovua nguo nyuma ya pazia. Chumba cha chini, karibu na choo, ni kimoja tu, nacho ni cha Kidoti. Toka tulipomzika hakijafunguliwa.

Kufuli ulilolifunga liko palepale mlangoni. Nimetafuta ufunguo kwenye kopo la vifungo, juu ya kabati, mpaka kwenye koti lako la mvua. Uko wapi? Nijibu hilo hata kama hutajibu jingine.

Mkeo


15 Machi

Mama Kidoti,

Pole sana kwa yaliyompata mama. Mwambie mkwewe anamsalimu, na asijaribu kutembea kwa ule ujeuri wake ninaoujua.

Nimefikiria. Ile meza ya kukatia ukiisukuma mpaka ukutani, godoro litaenea. Pazia la wateja unaweza kulihamishia karibu na mlango wa nje, ukaweka kiti kuzuia upepo usilifunue.

Juzi tulibadilisha kamba kwenye jengo la ghorofa tisa. Bibi wa ghorofa ya juu kabisa alituletea kahawa kwa miguu, akishuka ngazi moja moja, kwa sababu lifti tulikuwa tumeizima sisi. Mwenzangu alitaka kulia. Mimi nilikunywa.

Darasani tumeingia kwenye maswali. Mwalimu anazunguka, anamuuliza kila mtu: umeoa, unaishi wapi, una watoto, wanasoma? Lazima ujibu kwa sentensi kamili na utumie todavía. Nilijibu vizuri, tena bila kosa.

Ufunguo ninao mimi. Uko kwenye bunda langu la funguo za kazini.

Mumeo,
Baba Kidoti


2 Aprili

Baba Kidoti,

Niliuliza uko wapi, ukanijibu uko wapi. Kosa ni langu, ningeuliza utautuma lini.

Mama yuko sebuleni. Nusu yake iko chini ya meza ya kukatia na kichwa kiko kwenye miguu ya cherehani ya pili. Vipande vya uzi vinamwangukia kutwa nzima. Wateja wakija kupimwa anawasalimia kutoka sakafuni, na jana alimwambia bwana mmoja kwamba kwa kiuno kile angependeza zaidi na sketi. Bwana kaondoka na kitambaa chake.

Akienda choo ananiegemea. Tunapita mbele ya mlango ule kwenda, tunapita tena kurudi. Anauangalia na hasemi kitu. Unamjua mama. Kunyamaza kwake si jambo dogo.

Nilimwita fundi wa mageti aje alione kufuli. Kasema kwa msumeno wake ni kazi ya muda mfupi sana, akaanza kukunja mikono ya shati. Nikamwambia aache, nikamrudisha na msumeno wake. Wewe ndiye uliyelifunga, nataka ulifungue wewe.

Mkeo


9 Aprili

Baba Kidoti,

Sikungoja jibu lako. Kimekuja kifurushi. Nje kina anwani yako lakini mwandiko si wako. Ndani mna viatu vya mtoto wa kike, vyekundu, vipya, vya kufunga na kishikizo pembeni, vimejazwa karatasi visipoteze umbo. Kuna na kikadi. Neno moja nililisoma mwenyewe kwa sababu ulinifundisha. Mengine mteja alinisomea kwa simu yake. Kinasema ni vya binti ambaye bado hajaanza shule, ili siku ikifika awe tayari. Chini kuna sahihi ya mwalimu wako.

Mteja akasema, kumbe una mtoto, fundi, mbona hujaniambia? Nikaendelea kumpima mabega.

Sikulia. Niliviweka juu ya meza ya kukatia nikavitazama, kisha nikavitoa kwa sababu nilihitaji meza. Mama kauliza ni vya nani. Nikamwambia ni vya watu wa huko kwako. Akanitazama vilevile anavyoutazama mlango.

Umewaambia nini watu hao?

Na kwa kuwa nimeshaanza kuuliza, chukua na la pili. Siku homa ilipompanda Kidoti, mimi ndiye niliyekuwa nyumbani na wewe ulikuwa kazini. Siku tuliyotoka makaburini, watu wakiwa wamejaa sebuleni, ulikwenda kukifunga chumba chake kwa kufuli mbele ya macho yangu, bila neno, ukatia ufunguo mfukoni. Nilielewa kwamba mimi ndiye sitakiwi mle ndani. Nimekaa na hilo muda wote huu, nikikupikia, nikikupigia pasi, nikikusindikiza kwenye safari. Kama ndivyo, niandikie kwamba ndivyo.

Mkeo


28 Aprili

Mama Kidoti,

Sivyo. Naanza na hilo, yasije mengine yakakuchosha kabla hujalifikia. Sivyo hata kidogo, na sikujua kwamba ulikuwa unaishi na kitu cha namna hiyo. Barua yako niliisoma nikiwa nimekaa juu ya paa la lifti. Mwenzangu aliniita kutoka chini mpaka akachoka, akapanda kunifuata.

Sijawahi kukueleza kazi yetu inavyokwenda. Kila fundi wa lifti ana kufuli lake, lenye jina lake. Kabla ya kuingia shimoni anazima umeme, anaifunga swichi kwa kufuli hilo, na anatundika kadi nyekundu: MTU YUKO NDANI. Ufunguo anashuka nao. Hakuna mwingine anayeruhusiwa kulifungua, hata awe meneja mwenyewe, kwa sababu akiiwasha lifti wakati mtu yuko chini, basi tena. Ndilo jambo la kwanza tunalofundishwa, na vidole vimelizoea kuliko kichwa.

Siku ile watu walikuwa wanaingia na kutoka. Shangazi mmoja alisema kitanda kitolewe, mwingine akasema nguo zigawiwe, mwingine kashika ufagio. Nilikwenda kwenye begi la kazi, nikatoa kufuli, nikafunga. Sikuwa nafikiria mtu, wewe wala wao. Nilitaka tu kitu chochote kisiwashwe.

Sasa kuhusu darasa. Mwalimu aliponiuliza kama nina watoto, majibu yalikuwa mawili kwenye ukurasa. Moja ni todavía no, la mtu ambaye hajapata. Ningelijibu hilo ningemfuta Kidoti, ingekuwa hakuwahi kuja duniani. La pili ni ya no, la kitu kilichokuwapo na hakipo tena. Wanayafundisha pamoja kwa sababu ndivyo yanavyotumika, moja linafunga mlango ambao jingine limeuacha wazi. Nilikuwa naliona, limeandikwa kwa herufi nene. Mdomo ukakataa. Nikasema ninaye, wa kike. Akauliza, anasoma? Nikasema, todavía no. Darasa zima likapiga makofi kwa sababu sentensi ilikuwa sahihi.

Toka hapo wananiuliza habari zake kila wiki, nami najibu. Darasani Kidoti anaogopa mbwa wa jirani. Alishikwa na mafua, akapona. Jino lake moja liling'oka. Nikiyasema hayo sisikii kitu, wala uchungu wala aibu, maneno yanatoka, yanakuwa sahihi, tunaendelea na ukurasa. Mwalimu hana kosa. Viatu aliviona dukani akamkumbuka mtoto wa mwanafunzi wake, akaniomba anwani, akasema ni kwa ajili ya salamu. Nilimpa.

Ufunguo niliutia kwenye bahasha hii, nikautoa. Tumefundishwa kwamba ufunguo haumwachi mwenyewe. Najua nyumba yetu si shimo la lifti, usiniandikie kunieleza hilo.

Ipo njia moja tu ya kuliondoa kufuli la mtu asiyekuwapo. Msimamizi anampigia simu. Si kumtumia ujumbe, lazima aisikie sauti yake. Anamuuliza, umetoka? Mtu akisema nimetoka, msimamizi anakata kufuli mbele ya shahidi. Nimeona likifanyika, fundi alikuwa kaenda harusini na ufunguo mfukoni.

Mumeo,
Baba Kidoti


14 Mei

Baba Kidoti,

Basi msimamizi ni mimi. Shahidi ni mama, na hakuna shahidi mwenye macho kama yake. Fundi wa mageti kakubali kuja tena, ila kasema safari hii nikimrudisha nitamshonea suruali.

Nipigie Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, alasiri. Usianze na hali ya hewa. Nitakuuliza hilo swali lenu, utanijibu, basi.

Nimefurahi kwamba sivyo. Nasema nimefurahi kwa sababu ndilo neno linalotakiwa, lakini furaha yenyewe sijaiona. Nilichoona ni kwamba siku ile nililala.

Kuhusu darasa nilitaka nikukasirikie, nikajaribu kweli, ikashindikana. Nimejikuta nauliza kitu kingine kabisa. Ni jino gani?

Mkeo


1 Juni

Baba Kidoti,

Uliwahi kuweka simu chini, kwa hiyo hujui yaliyofuata. Nakuandikia ujue.

Nilikuuliza umetoka? Mama akaniuliza kwa mkono kama laini imekatika. Kisha ukasema, bado. Fundi wa mageti alikuwa karibu, alilisikia, akaushusha msumeno. Nami nilikuwa nimeshageuka nimwambie aende zake na suruali atapata. Ndipo uliposema, kata tu, na sauti yako sikuwahi kuisikia ikiwa hivyo, hata siku ya makaburini. Nikamwambia kata.

Kufuli lenu ni gumu. Lile neno lake la muda mfupi sana lilikuwa la majivuno, alitoka jasho mpaka akavua shati, na mama akampa maoni yake kuhusu kifua.

Ndani hamna cha kutisha. Nilitarajia nitaanguka, na fundi maskini alisimama nyuma yangu kanitegea mikono anidake. Sikuanguka. Kuna vumbi. Kitanda hakijatandikwa. Beseni liko chini, na kitambaa nilichokuwa nikimkandia kimekauka kikashika umbo la vidole vyangu nilivyokikamua. Nilikichukua nikaenda kukiosha, kwa sababu mama alikuwa anataka kulala. Amelala humo jana na juzi. Anasema godoro ni zuri na chumba kina hewa.

Barua yako ilinieleza msimamizi anafanya nini mtu akijibu kwamba ametoka. Haikunieleza anafanya nini akijibiwa kama ulivyonijibu wewe.

Mkeo


16 Juni

Mama Kidoti,

Hakati. Anavaa kofia, anachukua taa, anashuka mwenyewe kumfuata. Sikukuandikia hilo kwa sababu sikudhani utafika huko. Umekata kwa sababu mimi nilikwambia ukate, kwa hiyo kama kuna wa kuandikiwa onyo ni mimi.

Alhamisi mwalimu aliniuliza kama viatu vimemtosha. Nilisimama, sijui kwa nini nilisimama, huku hawasimami kujibu. Nikamwambia kwa maneno machache niliyonayo kwamba nilikuwa na binti, kwamba ya no. Kitenzi nilikikosea, nilikisikia kabisa nikikikosea. Hakunisahihisha. Alikuja akanishika bega, akakaa hivyo mpaka muda wa darasa ukaisha, na wenzangu wakafungasha madaftari bila kelele. Nje Mwenzangu aliningoja, akatembea na mimi mpaka mlangoni kwangu. Alikuwa anasema maneno njia nzima na sikuelewa hata moja.

Jino ni la mbele, la chini. Lile alilokuwa analitikisa kwa ulimi wiki ile, akitukataza tusilishike. Kule darasani nililing'oa kwa sababu nilitaka nione lingekuwaje.

Sijalia bado. Nakula, naenda kazini.

Mumeo,
Baba Kidoti


3 Julai

Baba Kidoti,

Sina kofia wala taa. Nimeshuka hivyohivyo.

Nimehamishia cherehani yangu chumbani kwake. Mama analala kwenye godoro lake upande wa ukuta, mimi nashonea dirishani, na kitanda kidogo nimekiacha katikati, tunakipita kwa ubavu. Mama anasema tumehamia kabatini. Wateja nawapimia humo humo, wakiuliza kitanda ni cha nani nawaambia, na wengine wanakaa juu yake wakisubiri, nami siwakatazi.

Jumatatu nilikuwa nakunja pindo la sare ya mtoto wa watu. Sikuwa nafikiria chochote. Nilianza kulia na sikuweza kuacha, nililia mpaka sare ikalowa, mama akajikokota na nyonga yake mpaka kwenye kiti changu, jambo ambalo daktari kalikataza kabisa. Alinishika kichwa. Baadaye niliifua ile sare, nikaipiga pasi, nikamaliza pindo. Nilimuuliza mama kama itapita. Akasema kwake mwenyewe, kwa baba, haijapita, ila anakula vizuri.

Mwambie mwalimu wako kwamba viatu vilikuwa saizi yake kabisa. Atataka kujua.

Niko humu ndani, Baba Kidoti. Nakutafuta na sijakufikia, ni giza na sijui ngazi zenu zinashikwaje. Lakini ulipoandika habari ya lile jino nilikusikia uko karibu. Endelea kuongea, usinyamaze, nifuate sauti.

Mkeo